Kiganja cha Josiah Calvert

Jumamosi iliyopita nilitoka arusini kabla keki haijakatwa, na sasa ukoo mzima unasema bibi amezeeka vibaya. Waseme. Bwana arusi anaitwa Giles, anauza nyumba huko mjini, ana meno meupe na saa kubwa. Alisimama na glasi yake akatangaza kwamba amefungua ofisi ya pili na ya tatu iko njiani, kisha, ili watu wapige makofi, akautoa ule usemi wetu wa kuanika nyasi jua lingali linawaka. Mnaujua, mmekaririshwa shuleni. Watu wakacheka, wakagonganisha glasi. Kwa Giles maana yake ni chapuchapu, kamata, weka mfukoni, usingoje.

Niliweka glasi yangu mezani. Mjukuu wangu, bibi arusi mwenyewe, akaninong'oneza, "Bibi, nini tena?" Nikamwambia nataka hewa. Kwa kweli nilitaka kumzaba kofi mumewe.

Usemi ule haukutungwa na wauza nyumba. Ulitoka kwa watu wa mashambani kama sisi, waliosimama uani wakatazama ghala likiteketea bila mtu kuliwasha, wakataka watoto wao wasahau yote lakini hilo wasilisahau. Neno kubwa mle ndani si haraka, ni jua. Kama jua hakuna, kaa chini unywe chai. Nitawaambia nimejuaje, halafu muamue wenyewe kama ilikuwa dhambi kuiacha keki.

Niliolewa na Reuben Calvert nikiwa msichana, wakati bondeni kwetu trekta ilikuwa bado habari ya magazetini. Tuliishi na baba yake, mzee Josiah, mjane, kwenye nyumba ya mawe iliyo mlimani, na ghala kubwa likiwa upande wa pili wa ua. Reuben ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa mzee. Sisi tulikuwa na Hester, mtoto wetu, wakati huo hajaanza hata kutembea. Reuben alikuwa mtu mtaratibu, mwenye miguu mirefu, anapiga mbinja tangu anaamka mpaka analala. Nilimpenda mno, na sioni haya kulisema nikiwa na umri huu.

Bondeni kwetu palikuwa na desturi. Kila kiangazi tunakata nyasi, tunazigeuza juani, tunazigeuza tena, na zikikauka tunazilundika ghalani ziwalishe ng'ombe kipindi chote cha theluji. Shamba linalomaliza la kwanza hupandisha tawi bichi la mti kwenye kilele cha paa la ghala. Bonde lote linaliona. Siku hiyo wenzako huacha reki zao na kuja kunywa bia yako, na mwaka mzima ukiingia kanisani watu wanakupisha kidogo. Ni tawi tu, hata mbuzi angelila. Lakini mzee Josiah alikuwa amelipandisha kila mwaka tangu Reuben akiwa mdogo, na alilitaka lile tawi kuliko alivyotaka chakula.

Sasa nyasi zikiwa zimekauka unazijua. Unachukua shungi la nyasi, unalisokota kama mtu anayekamua nguo. Likikatika kwa mlio, ka!, ingiza ndani. Likipinda tu kama kamba, lina maji moyoni, liache. Maana nyasi zenye maji ukizirundika na kuzikandamiza hazilali. Zinaanza kupata joto zenyewe kule katikati, wiki baada ya wiki, zinajipika kimyakimya, na wewe huku nje huoni kitu. Hili kwetu hata mtoto anayenyonya analijua. Na mzee Josiah alilijua kuliko sote, ndiyo maana mpaka leo nikilifikiria damu inanichemka.

Mwaka ule mvua haikuwa na adabu. Jua linatoka asubuhi, mchana linafutwa. Tulimaliza makonde ya juu kwa taabu, likabaki lile la chini, kando ya mto, ambako majani ni manene na umande hauondoki mpaka karibu na chakula cha mchana. Ng'ambo ya mto jirani yetu Lanty Raw naye alibakiwa na kipande kimoja. Tulimwona yeye na wanawe wakigeuza nyasi, wakisimama, wakitutazama nasi tukiwatazama.

Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya mlima. Mzee akatupa reki yake.

"Leteni mkokoteni. Tunaingiza."

Reuben akainama, akachukua shungi, akalisokota. Likapinda. Akalisokota tena kwa nguvu, mishipa ikamtoka mikononi. Likapinda tu.

"Baba, hizi bado."

"Nimekuuliza?"

"Hukuniuliza, lakini macho ninayo. Hizi zinahitaji siku moja nzima ya jua, tena jua la kweli."

"Na hilo jua utalitoa wapi, kanisani? Tazama kule." Akaelekeza kidole juu ya mlima. "Mvua ikizipiga tena zinaoza. Na Lanty yule pale anamfunga farasi kwenye mkokoteni."

"Lanty na afunge. Tukipata la pili tutakufa?"

Mzee alimsogelea mwanawe mpaka pua zao zikakaribia kugusana. "Siku nitakapokufa, we utapandisha tawi au hutapandisha, shauri yako. Leo ghala ni langu. Lete mkokoteni."

Reuben alinitazama. Mimi nilisema, "Baba, kwani tukizikusanya mafungu madogo madogo hapahapa kondeni, tukazifunika, tukangoja?" Mzee hakugeuka hata kichwa. Akasema, "Msichana, mtoto wako analia." Hester alikuwa amelala fofofo chini ya kivuli cha ukuta.

Basi tukaingiza. Tulipandisha nyasi za konde la chini juu ya zile nzuri, tukazikanyaga zishikamane, na mzee mwenyewe akapanda paani na tawi lake mvua ikianza kudondoka. Aliliinua juu akaliita bonde kwa sauti kubwa, na nilipomwona vile, mzee mzima anang'aa kama mtoto aliyepewa peremende, nilimwonea huruma. Leo sina.

Watu wakaja na mvua yao mabegani. Niliwapa mkate wa shayiri, jibini na nyama ya nguruwe ya kukaushwa, mzee akawamiminia bia. Lanty Raw alikuwa mtu mnene, mchekeshaji, hana baya lakini mdomo wake hauna mlango. Alisimama mlangoni mwa ghala, akachomoa shungi dogo kwenye lundo, akalisokota, akalitia kinywani akalitafuna.

"Calvert," akasema, "hizi ni nyasi au kachumbari?"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine bia ikawapalia. Mzee Josiah hakucheka. Uso wake ulifungika, na nilijua pale pale kwamba sasa lundo lile halitafunguliwa kamwe. Kabla ya utani ule angeweza kulipangua asubuhi yake kimyakimya na kuzianika tena. Baada ya utani ule, kulifungua kungekuwa ni kulishusha tawi mbele ya Lanty Raw.

Zikapita siku nyingi hakuna kitu. Halafu ikaja harufu.

Mwanzoni ilikuwa harufu nzuri, ndiyo inayotisha. Inafanana na sukari inayoungua chunguni, au tumbaku ya mtu mwenye uwezo. Nikienda kisimani naisikia, nikirudi naisikia. Reuben akafika mezani akanusa hewa. Mzee akala supu yake kana kwamba hana pua.

Tulikuwa na paka aliyezalia ghalani, juu ya lundo lile lile, maana palikuwa na joto. Asubuhi moja nilimkuta anatoka na mtoto wake mdomoni, akavuka ua, akamweka kwenye zizi la nguruwe, akarudi. Akamtoa wa pili. Akamtoa wa tatu. Zizi la nguruwe, jamani, linalovuja na kunuka! Nilimwita Reuben akaja akasimama karibu yangu, tukamtazama paka mpaka alipomaliza kuhama. Hakurudi tena mle ndani hata kufuata panya.

"Thirza," Reuben akasema, "paka ana akili kuliko sisi."

"Mwambie baba yako."

"Nitamwambia. Leo namwambia."

Akamwambia. Niliwasikia kutoka jikoni. Reuben alitaka wachukue kisu cha nyasi, kile kirefu cha kukatia lundo, walichimbe mpaka katikati joto litoke. Mzee akamwambia anatishwa na paka kama mwanamke. Reuben akamwambia asubuhi mvuke unatoka kwenye matundu ya ukuta, kila mtu anauona. Mzee akasema ni ukungu. Reuben akasema, "Baba, ukungu hauna harufu ya sukari."

Mzee akasema, "Vizuri. Tutalipima kwa chuma. Jumapili, watu wote waone, na baada ya hapo mtu akinitajia nyasi zangu tena nitamvunja taya."

Chuma ni fimbo ndefu ya chuma, urefu wake unamzidi mtu, ina ncha. Unaichoma kwenye lundo mpaka katikati, unaiacha humo ishike joto la mle, halafu unaichomoa na kuikamata kwa kiganja pale nchani. Ukiweza kuishika, lala usingizi. Ukishindwa, ita majirani na ndoo. Hakuna njia nyingine na hakuna aliyewahi kuitilia shaka, kwa sababu nani atajidanganya kwa mkono wake mwenyewe?

Jumapili baada ya ibada wakaja, Lanty mbele, kofia kwapani, safari hii hatanii. Ghala lilikuwa na joto kama chumba cha kuokea mikate. Chuma kilikuwa kimekaa ndani tangu alfajiri. Mzee Josiah alivua koti lake la kanisani, akanikabidhi, akakunja mikono ya shati. Akakivuta. Kilitoka taratibu, kinakwaruza, na mimi nilikuwa karibu nikaona ncha yake imelowa jasho.

Akaikamata kwa mkono wa kulia. Akaifumba ngumi juu yake.

"Baridi," akasema.

Hakukiachia. Alisimama amekishika, akamgeukia Lanty, akamuuliza kondoo wake wanaendeleaje na kwato. Lanty akajibu. Akamuuliza mchungaji mbona leo mahubiri yalikuwa marefu hivyo, amekosa chakula kwake? Watu wakacheka. Uso wa mzee ulikuwa mwekundu, lakini sote tulikuwa wekundu kwa lile joto. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele mpaka shingoni. Reuben alinyoosha mkono wake, "Hebu baba nishike na mimi," naye mzee akampita, akatoka nacho uani, akakitumbukiza kwenye birika la kunyweshea farasi. "Kina uchafu," akasema, "nisije nikachafua suruali yangu ya kanisani."

Na mwanamume mzima, mkono wake ukiwa ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, akaendelea kuzungumza habari za hali ya hewa.

Lanty alivaa kofia yake. "Basi, Calvert, nimekukosea. Pua yangu imezeeka."

"Na ulimi wako," mzee akasema.

Usiku ule Reuben alikuwa na furaha kiasi kwamba alinikera. "Nilimtilia shaka baba yangu mbele za watu," akaniambia. "Unajua nimejisikiaje? Mzee anaweza kuwa mkali, mbishi, lolote. Lakini hawezi kudanganya kuhusu nyasi."

"Na ile harufu?"

"Si umemwona amekishika? Thirza, umemwona kwa macho yako."

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu.

Asubuhi ya Jumatatu tulikaa kula uji. Mvua ilikuwa imenyesha, na Reuben alisema kuna kigae cha jiwe kimeteleza kwenye paa la ghala, maji yanaingia juu ya lundo. Atapanda akirudishe kwa ndani. Juu ya lundo mtu alikuwa anafika kwenye boriti bila ngazi.

Mzee alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Niliona, nikamuuliza, akasema baridi yabisi imemshika bega. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, chini ya meza.

Reuben akasimama, akachukua nyundo. Alifika mlangoni, akageuka. Nasema hili polepole kwa sababu nataka mlisikie vizuri.

"Baba, ni salama kupanda juu, sivyo?"

Mzee Josiah aliangalia uji wake. Palikuwa na nafasi pale ya kusema. Palikuwa na nafasi kubwa, ningeweza kupitisha ng'ombe. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani.

"Si uliniona nimekishika?" akasema.

"Nilikuona," Reuben akasema. Akanikonyeza mimi, akatoka anapiga mbinja.

Niliosha sahani. Hester alianza kulalamika, nikampa babu yake ambebe kama kila asubuhi, maana alikuwa na mazoea ya kumrusharusha magotini. Mzee akampokea kwa mkono mmoja. Mtoto hajui adabu, alijipinda akateleza mapajani, akashika kitu cha kwanza alichokiona ajishikilie, na kitu hicho kilikuwa vidole vya ule mkono wa kulia. Akavivuta kwa nguvu zake zote.

Mzee alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Nikamnyakua mtoto. Ngumi yake ilikuwa imefunguka juu ya meza, na kiganja chote kilikuwa kimevimba, cheupe, malengelenge yamepasuka, na katikati, kutoka upande hadi upande, mstari mwekundu wa nyama mbichi, unene wa ile fimbo ya chuma.

Sote wawili tulikitazama. Nyundo ilikuwa inasikika kule ghalani, ko, ko, ko.

"Ulikuwa unaungua," nikasema. "Ulisimama pale unamuuliza mchungaji habari za chakula, na mkono wako unaungua."

Midomo yake ikacheza. "Nilitaka ipite Jumapili tu. Leo jioni ningelifungua. Mimi mwenyewe, polepole, hakuna mtu angejua..."

Nyundo ikanyamaza.

Wala hapakuwa na ukelele. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kuweka ukelele. Ilikuwa ni nyundo, halafu si nyundo. Nilimweka Hester chini sakafuni nikakimbia, mzee nyuma yangu, na nilipofika mlangoni mwa ghala nikatazama juu ya lundo, nikaona kigae kimerudishwa mahali pake vizuri, na pale alipopaswa kusimama Reuben palikuwa na shimo. Kumbe katikati kulikuwa kumeshaungua zamani. Lundo lilikuwa limebaki ganda, kama mkate ulioiva nje na ndani ni majivu, na juu ya ganda hilo mume wangu alikuwa amesimama anagonga misumari.

Kwenye shimo kulitoka moshi mweusi, mzito. Kisha hewa ikaingia, na moto uliokuwa ukingoja wiki zote zile ukapata ulichokuwa unakitaka. Uliruka mpaka darini. Nilipanda, nakumbuka nilipanda, na mtu akanivuta miguu nikaanguka. Alikuwa mzee. Alinivuta mimi akapanda yeye, na kisu cha nyasi, akaanza kukata ubavu wa lundo huku anaita jina la mwanawe, na kila kipande alichokitoa kilikuwa cheusi na kinatoa cheche. Lanty na wanawe walivuka mto wakiwa na ndoo. Walimkuta mzee nywele zimeungua, wakamtoa kwa nguvu, watu wanne wakimshika. Paa liliingia ndani kabla ya mchana. Tawi liliungua pamoja nalo.

Reuben tulimpata kesho yake, wakati mawe yalipopoa. Sitasema zaidi ya hapo.

Mahakamani iliandikwa ajali. Kila mtu aliapa kwamba alimwona Josiah Calvert amekishika chuma kwa ngumi na akasema baridi, na waliapa kweli. Mkono wake sasa ulikuwa na sababu ya kuungua, si alipambana na moto ule kumwokoa mwanawe? Watu walimpa pole kwa ushujaa wake. Mimi nilikaa kimya, nikiwa na mtoto magotini. Kama ningesema, ningepata nini? Shamba lilikuwa lake, na mimi na Hester hatukuwa na pa kwenda. Lakini Lanty, kwenye mazishi, alipompa mkono mzee, alikigeuza kile kiganja juu akautazama ule mstari katikati. Akanitazama mimi. Tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia Lanty Raw akitania tena kuhusu nyasi za mtu.

Tukaishi nyumba moja, mimi na yeye. Nilimpikia, nikamfulia. Alikula nilichoweka, hakuongea. Alijenga ghala upya na majirani, mkono ule ukiwa umekunjamana kama ukucha wa kuku.

Kiangazi kilichofuata jua liliwaka mpaka mto ukabaki kokoto. Nyasi zilikauka vizuri mno, zilikuwa zinalia chini ya miguu. Lanty alimaliza wa kwanza, tukaliona tawi lake ng'ambo, mzee hakuinua hata kichwa. Sisi tulimaliza baada ya watu wote. Kisha mzee akachoma chuma kwenye lundo, akakiacha, na siku ya tatu akaniita ghalani. Alikichomoa, hakukigusa nchani. Alininyooshea mimi.

"Shika wewe," akasema. "Mkono wangu hauna hisia tena. Na hata ungekuwa nazo, nani angeuamini?"

Nikakikamata. Nikafumba ngumi kama alivyofumba yeye. Kilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Enhe?" akauliza. "Kikoje?"

Nilikuwa nimefikiria maneno mengi mwaka ule wote, nikiwa naosha, nikiwa nakamua. Nilikuwa na hotuba nzima. Lakini nilipomwona amesimama pale anasubiri, shingo imekonda, ananiangalia mdomoni kama mtu anayengoja kuhukumiwa, sikusema neno. Wala baridi, wala moto. Nilimrudishia chuma chake, nikatoka, nikambeba Hester, nikakaa naye juu ya ukuta wa ua palipo na kivuli.

Mzee Josiah alikiegemeza chuma ukutani. Halafu akachukua kisu cha nyasi. Akapanda, akaanza kukata.

Alikata lundo zima peke yake, kwa mkono mmoja na ukucha wa kuku, kipande kwa kipande, anakitupa uani. Watu waliopita barabarani walisimama. Lanty alikuja mpaka lango la shamba, akaniona nilivyokaa, akageuza akarudi kwake. Vumbi tamu lilijaa kote, nyasi za kijani, nzuri, safi, hakuna hata jani moja lililobadilika rangi. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amefika katikati, pale pahali penyewe, amepiga magoti.

Nikashuka ukutani, nikaenda mlangoni na mtoto kiunoni. Alikuwa ameokota shungi kutoka pale katikati. Akalisokota kwa ule mkono mzima. Likakatika, ka! Akaokota jingine, akalisokota. Likakatika. Akaninyanyulia macho, na nikajua kwamba anajua chuma kilikuwa baridi nami nikamficha, na kwamba huenda alijua tangu nilipotoka bila kusema.

"Kavu," akasema.

"Kavu," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akashika kisu, akaendelea kukata.